Filamu, Umaskini na Watu Wanaouzwa: Ufunguo Ambao Haukuonyeshwa



Juma hili tunaomba radhi kwa kuyaacha kando masomo ya Dominika na kuandika habari za filamu. Sababu ni neno moja lililosemwa na binti wa parokia yetu hapa Ivuna, jioni ya Jumamosi, tulipokuwa tumewakusanya vijana kutazama filamu ukutani kwa projekta ya kuazima na jenereta iliyokuwa ikikohoa kila baada ya robo saa. Tulikuwa tumechagua filamu iitwayo Taken, ya mwaka 2008, ipendwayo sana katika vibanda vya video, tukidhani kwamba itawafundisha vijana hatari ya biashara haramu ya binadamu. Humo mabinti wa Kimarekani wanatekwa mjini Paris, na baba wa mmoja wao anawaangamiza watekaji mmoja baada ya mwingine hadi anamkomboa mwanawe. Vijana walipiga makofi. Binti tunayemtaja alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, wala hakupiga makofi. Tulipomwuliza ameionaje filamu, akajibu: “Hawakuonyesha ufunguo, Baba.”

Maana ya neno hilo tutaifikia baadaye. Kwanza tuseme kwamba lilituchoma, likaturudisha kwenye vitabu na kanda tulizoziona tangu tukiwa mafrateri, tukijiuliza: ni lini filamu imewahi kusema kweli juu ya maskini na juu ya mtu anayeuzwa? Na kweli hiyo hupimwa na nani?

Wageni wafikao Ivuna huulizia chumvi au jiwe. Jiwe ni kimondo kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938 (tusikichanganye na kile kikubwa cha chuma cha Mbozi), na kipande chake kikubwa kimehifadhiwa London katika jumba la makumbusho ya viumbe na mali asili. Wataalamu wa nyota duniani kote hulijua jina la kijiji chetu kwa ajili ya jiwe hilo, huku watu wengi wa Dar es Salaam wasijue kilipo. Chumvi nayo ni ya kale zaidi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba kwenye chemchemi zetu, wakaonyesha kwamba watu walichemsha chumvi mahali hapa tangu karne ya 13 hivi. Penye chumvi pana njia, na njia za nyanda hizi kati ya Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, katika karne ya 19, zilipitisha pia pembe za ndovu na watu.

Habari za watu hao tunazo, tena kwa vinywa vyao wenyewe. Mmisionari Mmoravian Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi upande wetu huu miaka ya mwanzo ya misheni za Utengule na Mbozi, aliandika maisha ya wanawake waliopitia utumwa. Mmoja wao aliitwa Chisi, msichana wa Kibisa aliyetekwa utotoni katika nchi iitwayo leo Zambia, akapita mkono hadi mkono kabla ya kuishia kwa wamisionari. Mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya upya simulizi hizo na kuzichapisha mwaka 1984 na tena mwaka 1993. Anayezisoma hushangaa kuona jinsi minyororo ilivyo michache humo. Yumo mjomba aliyekuwa na deni. Yumo mume aliyekufa na ndugu zake wakagawana wajane. Yuko mtu aliyempa mtoto chakula vizuri, kisha akambadilisha kwa nguo. Msichana hupita mlango baada ya mlango, na kila mlango una mwenyewe anayemkaribisha. Hatujaona bado filamu iliyotengenezwa kutokana na simulizi hizo, nasi twaona ni hasara.

Filamu zenyewe zilipofika nchini kwetu, zilikuja kwa shughuli nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za kuwaelimisha Waafrika, lenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Aliyelianzisha, Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, alikuwa ametoka kuchunguza jinsi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivyokuwa ikiwavuta wanaume kutoka vijijini na kuvivuruga vijiji vyao. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia. Zilihusu usafi, mashamba, akiba ya posta na mengineyo ya namna hiyo. Tunakiri kwamba nia haikuwa mbaya. Lakini anayetazamwa humo daima ndiye mwenye kosa, na anayetazama ndiye mwenye dawa.

Hali iliendelea hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipotengenezwa Dar es Salaam filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo Mzee Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Ni kisa cha mtu wa shamba aingiaye mjini na kukuta wajanja wanamngoja. Watazamaji walicheka sana, na hatuna ugomvi na kicheko. Ila tuangalie ni nini kilichokuwa kikitokea wakati huo huo nje ya ukumbi. Katika mashamba ya mkonge watu walikuwa wakiitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Katika nyanda zetu za kusini, chama cha kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kilichojulikana kwa jina la Wenela, kilikuwa kikiwaandika vijana wa kwenda Johannesburg, biashara ambayo serikali ya Mwalimu Nyerere iliikomesha baada ya uhuru. Kwa filamu za serikali ya kikoloni, aliyeibiwa mjini aliibiwa kwa sababu ya ushamba wake. Mwenye kuandika namba hakuonekana kwenye turubai.

Aliyemwonyesha kwa mara ya kwanza, kwa kadiri ya tuliyoyaona sisi, alikuwa Mmarekani Lionel Rogosin katika filamu Come Back, Africa ya mwaka 1959. Aliwadanganya wakuu wa Afrika Kusini kwamba anapiga filamu ya muziki, kumbe alikuwa akimfuata mtu aliyetoka kijijini kwenda mgodini, kisha katika nyumba za Wazungu, kisha mitaa ya Sophiatown, akitafuta kibali cha kuishi mahali alipo. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida. Miriam Makeba anaonekana kidogo, akiimba. Hakuna pigo kubwa linaloonyeshwa kwa muda mrefu. Kinachomvunja mtu yule ni karatasi: pasi, mhuri, foleni, dirisha linalofungwa.

Hapa tuingize neno juu ya Kanisa letu. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zilizohesabiwa kuwa muhimu, na mojawapo ni ile ya Kiitalia ya mwaka 1948 juu ya baba maskini aliyeibiwa baiskeli, iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Mhusika mkuu, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Dunia nzima ilimlilia. Baada ya filamu alipoteza kazi yake kiwandani, na maisha yake yakawa magumu. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu mara nyingi huulizwa kama filamu ni ya kweli, na ni mara chache huulizwa imemwacha wapi yule iliyemtumia kuisema kweli hiyo.

Swali hilo lilitufikia Watanzania kwa kishindo mwaka 2006. Miaka miwili nyuma Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alikuwa ametoa filamu yake Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawala wenzake, kisha akawa mali ya Ulaya. Ndege kubwa za mizigo zinatua Mwanza, marubani wake wakitoka nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovyeti, minofu inaondoka, mapanki yanabaki. Filamu inamwonyesha mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale, anayelipwa dola moja kwa usiku. Inawaonyesha watoto wa mitaani wakivuta moshi wa gundi. Inamwonyesha binti aitwaye Eliza, anayewafuata marubani, akiimba wimbo wa kuisifu Tanzania huku wao wakimcheka na kumkatiza. Baadaye tunaambiwa kwamba Eliza ameuawa na mteja. Filamu ilipata tuzo ya Ulaya ya filamu bora ya hali halisi mwaka 2004 na ikapendekezwa kwa Oscar mwaka 2006.

Tarehe 31 Julai 2006, katika hotuba yake ya mwisho wa mwezi, Rais Jakaya Kikwete aliikemea filamu hiyo akiwa Mwanza kwenyewe. Sisi wakati huo tulikuwa seminarini, nasi tuliisikiliza hotuba redioni, kisha tukaitafuta filamu kama vijana watafutavyo kilichokatazwa. Tuliipata kwenye diski iliyodurufiwa vibaya, tukaitazama usiku watu kumi na wanane kwenye kompyuta moja. Mabishano yaliyofuata hatujayasahau. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa walikasirika kwelikweli. Walisema: mbona hakuonyesha nyumba zilizojengwa kwa sangara, wala watoto waliosomeshwa kwa sangara? Mmoja wao alikuwa mtoto wa mvuvi, na karo yake ya seminari ndogo ilitoka katika ziwa hilo.

Leo, tukiitazama upya, twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki kwa sehemu. Filamu inadokeza tena na tena kwamba ndege zile huleta silaha za vita vya Kongo na Angola, lakini haionyeshi hata sanduku moja likishushwa Mwanza. Madai mazito namna hiyo yalihitaji zaidi ya maneno ya rubani aliyelewa au kuhuzunika. Juu ya mapanki, wapinzani walisema kwamba yale yaliyoanikwa juani, yenye funza, yalikuwa chakula cha mifugo, na filamu haikulieleza jambo hilo. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliandika kitabu kizima cha kuipinga. Hata hivyo alipodai kwamba watoto walilipwa ili waigize, mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwaka 2008 kwa kumkashifu Sauper. Na mwandishi wa habari wa Mwanza aliyesema ndani ya filamu, Richard Mgamba, alikamatwa na kuhojiwa mwaka huo wa 2006. Kwa hiyo aliyelipa gharama ya kusema alikuwa Mtanzania aliyebaki Mwanza, wakati mtengenezaji akipokea tuzo Ulaya.

Pamoja na kasoro zake, filamu hiyo ilifanya jambo moja ambalo waliokuja baadaye wengi hawakulifanya: iliuonyesha mnyororo wa biashara toka mwanzo hadi mwisho. Unamwona mvuvi, mwenye kiwanda, rubani, mjumbe wa Ulaya anayesifu usafi wa kiwanda, na mtoto anayegombania wali. Ila kuna pengo ambalo tulilitambua tulipoionyesha hapa Ivuna miaka michache iliyopita. Mama mmoja mzee aliinua mkono akauliza: “Yule binti aliyekuwa anaimba, nani alipeleka habari kwa mama yake?” Hatukuwa na jibu. Filamu haimfuati huko.

Filamu zetu wenyewe? Tangu ilipotoka Girlfriend mwaka 2003 na sinema ya Bongo kushika kasi, tumepata waigizaji hodari, akiwamo marehemu Steven Kanumba. Lakini huzuni nyingi za filamu hizo zimewekwa sebuleni kwenye makochi ya ngozi, na mfanyakazi wa ndani huingia humo kwa kazi mbili tu: kuchekesha, au kumwiba mume wa tajiri. Tunasema hivyo kwa masikitiko, kwani watazamaji wakubwa wa filamu hizo ni mabinti wa kazi za ndani wenyewe. Jirani zetu wa Kenya walifanya vema zaidi na Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Kijana anatoka kijijini, anafika Nairobi, na siku ya kwanza ananyang'anywa kila kitu. Ni kisa kile kile cha Muhogo Mchungu, miaka 60 baadaye, lakini safari hii mtazamaji anaingia pamoja na kijana katika mahabusu, na anaona ni nani anayegawana na polisi.

Nayo barabara yetu ina kisa kingoja mwandishi. Tunduma ni mlango wa kusini, na miongoni mwa malori yapitayo mipaka hii yapo yanayobeba vijana wa Ethiopia waendao Afrika Kusini. Mwezi Juni 2012, zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Mwezi Machi 2020, maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Filamu ya Kiitalia Io Capitano ya mwaka 2023, juu ya vijana wawili wa Senegal waendao Ulaya kupitia jangwa na Libya, inaikaribia hali hiyo kuliko nyingine tulizoziona, na inathubutu kusema jambo lisilopendeza: vijana wale hawakufukuzwa na njaa wala kutekwa. Waliweka akiba kwa siri na kumdanganya mama.

Sasa turudi kwa ufunguo. Baada ya jibu la binti yule tulimwomba atueleze, naye ameturuhusu tusimulie bila jina. Alikuwa na miaka 16 alipoondoka Ivuna. Aliyemchukua alikuwa mama mtu mzima, mwenye heshima, jamaa wa jirani, aliyeahidi shilingi 40,000 kwa mwezi na kumpeleka cherehani baada ya mwaka. Nauli ililipwa, soda ilinunuliwa njiani Mbeya. Katika nyumba alimofikia hakupigwa, na siku ya kwanza aliitwa mwanangu. Simu yake ilichukuliwa “isije ikaharibika.” Mshahara ulikuwa “unatunzwa.” Na kila asubuhi mwenye nyumba alipotoka, alifunga geti kwa nje, ufunguo akautia katika mkoba. Miezi 14. Alitoka siku ambayo mtoto wa nyumba alishikwa na homa na jirani akaitwa kuvunja kufuli. Jirani huyo ndiye aliyempa nauli.

Sheria yetu ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inakitambua kisa hicho vizuri kuliko sinema nyingi. Inamgusa anayeandikisha, anayesafirisha, anayepokea na anayehifadhi mtu kwa hila ili amtumikishe. Nayo haisemi kwamba lazima pawepo kamba.

Jumamosi iliyofuata tulileta filamu nyingine, ya zamani, ya Msenegali Ousmane Sembène, La Noire de..., ya mwaka 1966. Ni fupi, rangi nyeusi na nyeupe. Tulisimama kando ya ukuta tukitafsiri maandishi kwa sauti, kama alivyofanya marehemu Lufufu katika kanda za video, ingawa bila kipaji chake. Mabinti wa Dakar wameketi kando ya barabara wakingoja mama wa Kizungu aje kuchagua, naye anamchagua Diouana kwa sababu ndiye asiyesukumana na wenzake. Anampeleka Ufaransa kulea watoto. Huko anageuzwa mpishi na mfuaji katika nyumba iliyo juu ya ghorofa, na bahari anaiona dirishani tu. Kisha inafika barua ya mama yake kumlaumu kwamba hatumi kitu. Mama hajui kuandika; ameandikiwa. Bwana wa nyumba anachukua karatasi, anaanza kuandika jibu kwa jina la Diouana, akibuni mwenyewe maneno. Diouana anaichana barua. Mwisho wake ni wa kuhuzunisha, nasi hatutausimulia. Sembène alichukua kisa hicho kutoka habari iliyotokea kweli Ufaransa mwaka 1958, na mwenyewe ameigiza ndani ya filamu: ndiye mwandishi wa barua kule Dakar.

Ukumbi ulikuwa kimya, jenereta peke yake ndiyo iliyosikika. Binti wetu akasema kwa sauti ndogo: “Huyu aliujua.”

Usiku ule hatukulala vizuri, na sababu yake haikuwa Diouana. Tulifungua jalada la ofisi ya parokia, tukatafuta nakala za miaka iliyopita, tukaipata. Barua ya utambulisho: kwamba mlejwa hapo juu ni Mkristo mwema, mwanakwaya, mwaminifu, mchapakazi, na kwamba tunamkabidhi kwa moyo mweupe kwa yeyote atakayempokea. Tarehe, mhuri wa parokia, sahihi yetu. Mama yule mwenye heshima alikuwa ameiomba mwenyewe, akisema kwamba itamsaidia mtoto. Tuliiandika kwa dakika kumi kabla ya Misa ya jioni, wala hatukuuliza anakwenda mtaa gani.

Tulimwonyesha binti nakala hiyo. Aliisoma yote, akasema kwamba barua ile ilikuwa imewekwa kwenye kabati la sebuleni, na mwenye nyumba alipomgombeza alikuwa akimwambia: “Padre wako ameandika wewe ni mtiifu.”

Jumanne iliyopita alikuja mzazi mwingine ofisini, pamoja na binti yake mwenye miaka 15, kuomba barua ya namna hiyo. Wanaondoka kwa basi la alfajiri kutoka Tunduma. Tulimwomba mzazi jina kamili la mwenyeji, mtaa, na namba ya simu ya mtoto atakayobaki nayo mkononi. Alikuwa na jina moja tu. Tulimwita yule binti wetu, ambaye siku hizi husaidia kufagia ofisi, akaketi na mwenzake nje chini ya mwembe. Walizungumza muda mrefu. Mzazi aliondoka amekasirika, bila barua, akisema kwamba Baba hataki watoto wa maskini wapate kazi. Basi la alfajiri tumeambiwa liliondoka kwa wakati, nasi hadi tunapoandika haya hatujajua kama binti yule alikuwamo.